Tunda la Wakubwa

Wiki iliyopita jino langu la nyuma lilinishika. Nililivumilia kwa kiburi mpaka shavu likavimba kama nimeficha yai mdomoni. Nyinyi wa rika langu mnajua: hospitali tunaenda tukiwa tumebebwa. Jirani yangu hapa Bulengera, mtaa wa Butembo, Mama Neema, muuza makaa mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alinitazama mara moja tu, akaondoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa na kitu kimefungwa ndani ya jani la mgomba, na kabla hajalifungua nilishajua. Zilikuwa mbegu za mtunguja. Alizikoroga na mafuta ya mawese, akazimwaga juu ya chuma kilichotoka motoni, moshi ukapanda. Mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wanaoniogopa, nikaanza kulia kabla moshi haujanifikia. Alidhani ni jino. Nikamwacha adhani hivyo.

Harufu ya mbegu za mtunguja zikiungua siwezi kuieleza vizuri. Kuna mawese ndani yake, kuna majani mabichi yaliyotupwa motoni, na nyuma ya hayo kuna uchungu unaokaa kooni mpaka chakula cha jioni. Sijakutana nayo mahali pengine popote, na kusema kweli nilikuwa sijaitafuta. Miaka yote hii, mtu akiumwa jino mbele yangu, mimi ndiye wa kwanza kumwambia aende kwa daktari.

Kama huujui mtunguja, ni kichaka kinachokufika kifuani. Majani yake yana rangi ya vumbi, na miiba imejaa kila mahali, hata juu ya jani lenyewe. Maua ni ya zambarau, yameinama kama yana aibu. Matunda ni ya mviringo, kwanza ya kijani yenye michirizi, halafu ya manjano yanayong'aa kiasi kwamba mtoto hawezi kupita bila kusimama. Ni wa ukoo mmoja na nyanya na mbilingani, na kama ilivyo katika koo nyingi, yule mbaya ndiye mwenye sura nzuri. Wanasema ni mti wa nchi kavu. Kwetu mvua haina choyo, lakini pale walipochimba changarawe ya barabara ya Beni udongo ulibaki uchi, hakuna kilichotaka kuota, na mitunguja ikasema sisi tutakaa.

Sisi tulikaa Kalunguta, kwenye kilima ambacho barabara ya kutoka Butembo kwenda Beni ilionekana chini yake. Baba yangu, Papa Masika kwa watu wote kwa sababu ya dada yangu wa kwanza, Masika, aliyekuwa ameolewa mbali, kule Eringeti, alikuwa mkulima wa maharagwe na kahawa kidogo, na shemasi katika kanisa letu la Waprotestanti. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mzaha uliomchosha Mama. Nyuma ya jikoni alikuwa amepanda mitunguja kuzunguka zizi la mbuzi, imesongamana hata mbwa hapiti. Juu ya moto, mahali wengine walipokausha nyama, sisi tulikuwa na matunguja yamepangwa kwenye kamba, yakikauka na kuwa meusi. Kwa sababu Papa alikuwa anatibu meno. Alirithi kazi hiyo kwa mama yake, na watu walikuja hata kutoka upande wa pili wa mto, wameshika shavu, hawasalimii.

Alikuwa na amri moja juu yetu watoto, na hiyo haikuwa na mzaha. Tunguja halitiwi mdomoni. Moshi wake unaponya, nyama yake inaua. Alitushika masikio akatuonyesha mtoto wa mbuzi aliyekuwa ameingiza kichwa kwenye ua na kula, jinsi alivyolala na povu. "Munaona?" alisema. "Hii ni ya kuangalia na macho. Hapana ya kinywa." Mimi nilikuwa namsikia Papa kwa kila kitu, na hilo nililisikia zaidi.

Tiba yenyewe ilikuwa hivi. Mgonjwa anavua shati, anapiga magoti mbele ya beseni la maji. Katikati ya maji kuna jiwe, juu ya jiwe kuna jembe kuukuu lililotoka motoni, juu ya jembe mbegu na mafuta. Papa anaomba kwa Kinande, lugha yetu, maneno machache ya haraka, halafu anamfunika mgonjwa kwa kikwembe, kitenge cha Mama, na mgonjwa anavuta moshi kwa mdomo kupitia mwanzi. Kazi yangu ilikuwa kushika ukingo wa beseni lisitikisike. Mwishoni Papa alifunua kikwembe na kutuonyesha majini: vitu vidogo vyeupe vilivyojikunja. Wadudu wa jino. Leo najua ni viini vya mbegu vinavyoruka kwa joto na kuanguka majini, na naamini Papa naye alijua. Lakini nilipokuwa mdogo niliinamisha sikio juu ya maji nikitaka kuwasikia, na kuna siku nilikuwa na hakika kwamba nimesikia mmoja akikohoa.

Halafu lilikuja sharti. "Kutoka sasa mpaka jua iingie," Papa alimwambia kila mgonjwa, "mutu akikuuliza kama jino inauma, unanyamaza. Usiseme inauma, usiseme haiume. Mududu wengine bado bako karibu, banasikiliza. Bakisikia jina yao banarudia. Hata mimi nikikuuliza, unanyamaza." Na kwa kuwa ni yeye, hakuweza kujizuia. Mgonjwa akiwa anafunga vifungo vya shati, Papa aliuliza kwa upole, kama mtu aliyesahau: "Na sasa, bado inauma?" Aliyejibu alichekwa na uwanja mzima na kufunikwa upya. Hata mchungaji wetu, aliyekuwa na mashaka na mambo ya moshi na ambaye alikuja kwa njia ya nyuma, alijibu, akafunikwa mara ya pili. Watu wa kilima chetu walijifunza hivyo: kwa Papa Masika, ukiulizwa, funga mdomo.

Hayo yalikuwa maisha yetu, na vita vilipita pembeni yake kwa muda mrefu. Tulisikia. Magari ya askari waliotoka ng'ambo ya mpaka yalipanda na kushuka barabarani, pamoja na askari wa kwetu waliokuwa wakiwafuata na kusema Lingala. Msituni kulikuwa na vijana wengine, Mayi-Mayi, wale walionyunyiziwa maji ya dawa na kuamini kwamba risasi zikiwafikia zitageuka kuwa maji. Usiku wakubwa walizima taa mapema. Sisi watoto tulijua kuyatofautisha magari kwa sauti, na tuliona hilo ni elimu. Sikuwa na hofu hasa. Papa alikuwa anapanda maharagwe, na mtu hapandi kama kesho haipo.

Siku vita vilipofika uwanjani kwetu ilikuwa mchana, jua limetulia. Asubuhi tulisikia milio upande wa barabara. Gari la askari lilikuwa limeviziwa kwenye kona ya chini. Mama alikuwa shambani, upande wa pili wa kilima. Papa angeweza kumrudisha mgonjwa nyumbani, lakini mgonjwa alikuwa Kasereka, mpiga ngoma wa kwaya, kijana wa jirani ambaye hakuwa amelala siku kadhaa na alikuwa akilia waziwazi bila kuona aibu. "Piga magoti," Papa akamwambia. Mimi nikashika beseni.

Hatukuwasikia askari wakipanda. Papa alikuwa ameshamfunua Kasereka, ameshatuonyesha wadudu, ameshasema sharti lake, ila moshi ulikuwa bado umejaa uwanjani. Nilipoinua macho walikuwa wamesimama pande zote, wamechoka, suruali zao zina matope mpaka magotini. Sasa fikirieni walichokiona. Kijana mwenye nguvu, kifua wazi, amelowa jasho, amepiga magoti mbele ya maji. Mwanamume amesimama juu yake akinong'ona. Moshi wa ajabu. Matunda meusi yananing'inia mlangoni mwa jikoni. Kama mimi ningekuwa mgeni, na asubuhi hiyo ningekuwa nimepoteza wenzangu, labda nami ningeona walichoona.

Mkubwa wao alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Alikuwa wa ng'ambo, Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. "Mzee, hapa nyinyi nafanya nini?"

"Ni meno, mon commandant," Papa alisema. "Huyu kijana anaumwa jino. Ninamuponyesha na moshi. Mimi ni shemasi."

"Wewe natengeneza Mayi-Mayi hapa. Nanyunyizia maji."

"Hapana, mukubwa. Ni jino tu. Angalia, mududu njo hizi, mu maji."

Mkubwa aliinama akatazama beseni, nililokuwa bado nimelishika. Alitazama kwa muda, hata nikafikiri naye atasikia kikohozi. Kisha akamgeukia Kasereka. "Wewe. Jino nauma?"

Kasereka akanyamaza.

Nilimwona vizuri, alikuwa karibu yangu. Alikuwa amebana midomo, na macho yake yalikwenda kwa Papa. Alikuwa anaogopa bunduki, nani hakuogopa, lakini siku zote zile alikuwa ameteswa na jino, na sasa kwa mara ya kwanza lilikuwa limetulia, na mtu anamuuliza swali lile lile alilokatazwa kulijibu. Mkubwa akarudia. Askari wa kwetu, kijana aliyevaa kofia ya sufu, akatafsiri kama vile tatizo lilikuwa lugha: "Banakuuliza, jino iko inauma ao hapana? Sema solo, sema kweli."

Kasereka akanyamaza.

"Sema, Kasereka," Papa akasema. "Sema tu, mwana wangu."

Na Kasereka akazidi kufunga mdomo. Kwa sababu hivyo ndivyo Papa alivyofanya siku zote. Sisi sote kilimani tulikuwa tumemwona akibembeleza kwa sauti hiyo hiyo, tukacheka. Hata mimi, ukingo wa beseni mikononi, moyo wangu ulimwambia Kasereka: usijibu, anakujaribu. Niliona uso wa Papa ukibadilika.

"Ile sharti imekwisha," Papa alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Mimi njo ninakuambia, imekwisha. Baambie."

"Inauma," Kasereka alisema hatimaye, na akaanza kulia. "Inauma, mukubwa, inauma sana."

Mkubwa alicheka kidogo. "Sasa nyinyi nafundishana uongo."

Walimsimamisha Kasereka wakamfunga mikono na mkanda wake mwenyewe. Sote tulijua vijana waliofungwa hivyo walipelekwa wapi, maana walikuwa wanapatikana baadaye mtoni au hawapatikani kabisa. Mama yake Kasereka alikuwa mjane, na huyo alikuwa mwanawe wa mwisho aliyebaki nyumbani. Papa akapiga magoti. Baba yangu, mrefu vile, alipiga magoti pale pale alipowapigisha wagonjwa wake. "Mukubwa, nikamate mimi. Huyu ni mutoto ya kwaya."

Mkubwa alikuwa amekwenda kwenye ua wa mbuzi. Alichuma tunguja moja la manjano, kwa ustadi, bila kuguswa na mwiba, na akaligeuza mkononi. "Hii mimi najua," alisema. "Kwetu kule kwa kavu, iko mingi. Ng'ombe nakula, nakufa. Wewe nasema hii dawa?"

"Moshi yake, ndiyo."

"Dawa naponya mtu. Sumu naua mtu. Kama wewe si mtu ya sumu, kula. Mimi naacha kijana yako."

Papa alilitazama lile tunda. Halafu akamtazama Kasereka, halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nimeanza kulia bila sauti, kwa sababu nilikuwa nafahamu amri yetu na nilimwona yule mtoto wa mbuzi mwenye povu. Na hapo Papa, sijui alipata wapi, akatabasamu. "Mwana wangu," aliniambia, "wacha iyo maji. Niletee chumvi."

Niliingia jikoni nikaleta chumvi ndani ya kifuniko cha sufuria. Chumvi wakati ule ilikuwa haba, Mama aliifunga kwa kitambaa, na nilikumbuka kufunga tena fundo. Papa alikaa chini, akanyoosha miguu kama mtu aliyetoka shamba. Alilipasua tunguja kwa kucha, akachovya kwenye chumvi, akala. Alitafuna polepole. Hakukunja uso. Alichukua la pili, akachovya. "Iko muzuri," akasema, akinitazama mimi, si mkubwa. Askari mmoja alicheka. Mkubwa akachuma mengine, hata mabichi ya kijani, akamwekea mapajani.

Naomba mnielewe nilivyokuwa. Machozi yangu yalikauka. Nilishawahi kumwona baba yangu akila parachichi, viazi, ndizi, na hakuna hata kimoja alichokula kwa utulivu ule. Nikaelewa, kwa akili yangu yote ya mtoto, kwamba tulikuwa tumedanganywa. Wakubwa walikuwa na tunda lao. Walitutishia na mtoto wa mbuzi ili tusiwamalizie, kama walivyotuambia kwamba kahawa inafanya mtoto awe mfupi. Nilimeza mate. Kwa muda ule mfupi, mbele ya bunduki zote zile, nilimwonea baba yangu wivu.

Mkubwa alipoona hakuna kinachotokea, alichoka. Alimsukuma Kasereka kwa Papa. "Chukua mgonjwa yako." Kisha waliingia zizini, wakatoa mbuzi wote, na ule ua mzuri ukabaki unalinda kinyesi. Papa alisimama. Alisimama wima, mkono mmoja juu ya bega langu, akiwatazama wakishuka, na nilihisi mkono ukizidi kuwa mzito. Kijana wa kofia ya sufu aligeuka mara moja. Papa akampungia mkono. Walipopotea kwenye kona, akaniachia, akaenda nyuma ya jikoni akiwa ameinama, akatia vidole kooni.

Mpaka leo sijui ile chumvi ilikuwa ya nini. Kasereka alisema ni kwa ajili ya kutapika haraka. Mama alisema ni kwa ajili yangu. Hawakuwahi kukubaliana.

Mama alifika mbio, jembe bado mkononi, maana kilima kina masikio. Hakupiga kelele. Alimnywesha maziwa, akamnywesha maji ya moto, na vyote vilirudi. Kufika jioni Papa alikuwa anatetemeka, tumbo limemshika kama mwanamke mwenye uchungu, na alisema mlima wa mbele umekuwa miwili. Asubuhi vijana wa kanisa walifunga tipoyi kwa mianzi miwili na blanketi, wakambeba kuelekea Butembo, hospitalini. Kasereka alishika mbele, shavu lake bado limevimba. Mama na mimi tulifuata.

Tulifika kwenye barrière. Askari walikuwa wamefunga barabara kwa gogo na hakuna aliyepita, hata wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, walikuwa wamekaa chini na viazi vyao. Yule kijana wa kofia ya sufu alikuwa pale. Mama alimwendea, akamsemesha kama anavyosemeshwa mtoto wa nyumbani. "Mwana yangu, angalia huyu papa. Tuache tupite tu, sisi na yeye."

Alimtazama Papa kwenye tipoyi. Alimjua, niliona kwamba alimjua. "Mama, leo njia haiko," alisema akitazama gogo. "Iko operasyo ya askari. Murudie nyumbani."

"Anakufa."

"Murudie, Mama. Mimi si mukubwa."

Na ilikuwa kweli, hakuwa mkubwa. Pale hapakuwa na mkubwa yeyote. Kulikuwa na gogo, na watu wengi waliokaa pande zake mbili wakingoja, na mvua ikaanza kunyesha juu ya blanketi. Tukarudi. Kupanda kilima na mtu aliyebebwa ni kazi ngumu kuliko kushuka naye, na hakuna aliyeimba.

Alilazwa chumba cha mbele, karibu na mlango, ili apate hewa. Siku nyingine aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Siku nyingine alikuwa mzima kabisa kichwani, ila mwili haukumfuata. Wanakwaya walikuja wakaimba uwanjani, bila ngoma, kwa sababu Kasereka alisema hawezi. Mama alijaribu kila dawa aliyoambiwa na kila mtu, na watu walimwambia mengi. Mimi nilikaa karibu na mkeka nikifukuza nzi, na swali langu lilikuwa linaniwasha ulimi. Asubuhi moja aliponitambua, nilimuuliza.

"Papa, ile tunda iko tamu?"

"Tamu sana," akasema. "Lakini ni ya bakubwa."

Basi nikatoka. Sikuwa mtoto mkaidi, lakini nilikuwa nimeshajua kwamba amri ilikuwa ya uongo, na nilifikiri, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba nikila nami nitakuwa sawa na Papa, na kama kuna ugonjwa tutagawana. Nilichuma la manjano. Mwiba ulinichoma, nikalipasua kwa kucha kama yeye. Chumvi sikuichukua, Mama alikuwa jikoni. Nikauma.

Sina neno la uchungu ule. Ulinishika ulimi, ukapanda puani, ukashuka kifuani. Nilitema, nikatema tena, nikajifuta ulimi kwa gauni, na nikiwa nimeinama pale kwenye zizi tupu, mate yananitoka, nikaona uso wa Papa akitafuna. Polepole. Moja baada ya jingine. Iko muzuri. Nilikaa chini kwenye kinyesi cha mbuzi ambao hawakuwepo tena. Sijui kama kuna siku nyingine ninayoweza kusema utoto wangu ulikwisha, lakini nikiulizwa, nitasema hiyo.

Nilirudi mlangoni. Papa aliona gauni langu, rangi ya manjano kwenye pindo, na akajua. Alijaribu kuamka. Alijaribu kwelikweli, mishipa ya shingo ilimtoka, na hakuweza. Alimwita Mama, na sauti haikufika hata kwenye mlango. Akanivuta kwa mkono, akatia kidole chake kinywani mwangu, akanisugua ulimi na ufizi kwa pindo la shati lake, akitetemeka, mara akikosa mdomo na kunigusa jicho. "Umemeza? Sema. Umemeza?"

"Nilitema."

"Yote?"

"Yote. Papa, iko buchungu."

"Ndiyo."

"Mbona ulikula na chumvi? Mbona ulisema iko muzuri?"

Alinitazama. Mkono wake ulikuwa bado umeshika kidevu changu.

"Ulikuwa unaniangalia," akasema.

Alifariki siku chache baadaye, asubuhi, mvua ikiwa juu ya mabati, Mama akiwa ameenda kuchota maji na mimi nikiwa nafukuza nzi. Nilijua kwa sababu hakuyafumba tena macho nzi walipokuja. Barabara ilifunguliwa baadaye, magari yakapanda na kushuka kama kawaida. Kasereka alikaa muda kidogo, jino lake lilipona kabisa, halafu usiku mmoja akaingia msituni na kuwa kile kile alichoshukiwa kuwa. Mama hakung'oa ule ua. Tulipopata mbuzi wengine aliwaweka mle mle, kwa sababu mbuzi wanahitaji ua, na mtunguja ni ua mzuri.

Basi wiki iliyopita, moshi ulipokwisha, Mama Neema alinifunua kikwembe. Majini kulikuwa na vile vitu vyeupe vilivyojikunja, na aliniangalia nivishangae, nami nikavishangaa. Maumivu yalikuwa yameondoka, sina ubishi na hilo. Akanipa shati langu. Kumbe kwa mama yake alikuwa mtu wa upande wa Kalunguta, nami sikujua mpaka alipouliza kwa upole, kama mtu aliyesahau: "Na sasa, bado inauma?"

Nikanyamaza.

Alicheka, akapiga makofi. "Unajua sharti! Nani alikufundisha?"

Hilo halikuwa swali la jino. Niliwaza, nikaona halina katazo, naweza kulijibu hata kabla ya jua kuingia.

"Papa yangu," nikasema, na pale pale jino likaanza kuuma.